Kikombe cha Metzinger: Mhadhara Kuhusu Kubizimu

Ahsanteni kwa kunialika. Picasso mnamjua, habari za maisha yake naziruka. Nimekuja kutetea jambo nililolisema kwenye kumbi nyingi na bado halijasikika: wachoraji wa Kubizimu, mtindo ulioanzishwa Paris mwanzoni mwa karne ya ishirini na Picasso na mwenzake Georges Braque, hawakuwa wakiharibu sura za watu. Walikuwa wakichunguza jinsi tunavyoona. Anayetaka kuwaelewa na aanze na kikombe cha chai.

Kikombe chenyewe kimo kwenye picha aliyoichora Jean Metzinger, mmoja wa wachoraji hao, mwaka 1911, ambayo leo iko Philadelphia, Marekani. Mwanamke ameketi, kijiko mkononi, mbele yake kikombe juu ya kisahani. Kitazameni hicho kikombe, msikimbilie uso. Kimepasuliwa katikati, toka juu hadi chini. Nusu moja unaiona kwa ubavu, kama mtu aliyeinama hadi usawa wa meza. Nusu ya pili unaitazama kwa juu, kama mtu aliyesimama. Sasa pandeni usoni: mama huyo anakutazama, na papo hapo amegeukia pembeni. Ni hesabu ileile ya kikombe. Metzinger aliliandika wazi, kwamba mchoraji sasa amejiruhusu kukizunguka kitu anachokichora.

Kwa nini ilihitajika ruhusa? Kwa sababu tangu Mwitalia Alberti alipoziandika, mwaka 1435, kanuni za kuchora kina, yaani kuonyesha umbali kwenye picha bapa, mchoraji wa Ulaya alitakiwa asimame mahali pamoja, kana kwamba ana jicho moja lisilopepesa, na mistari yote ikimbilie nukta moja. Nani kati yenu anatazama hivyo? Mnunuzi wa embe huligeuza, hulibonyeza, hukagua kikonyo, ndipo atoe hela.

Najua kuna atakayesema: filamu ipo, inazunguka vizuri zaidi. Hapana. Filamu inakuonyesha upande huu, kisha ule, na ukifika wa pili, wa kwanza umeshapita. Kwenye turubai pande zote mbili zinakusubiri kwa pamoja, na kazi ya kuziunganisha ni yako.

Na yule wa "hata mwanangu angechora hivi"? Huyo ananichosha, lakini nitamjibu. Mwaka 1897, akiwa na miaka 15, Picasso alichora daktari akimpima mgonjwa mapigo ya mkono, na kando yake mtawa aliyebeba mtoto. Hakuna mwalimu ambaye angepata la kusahihisha kwenye shuka za kitanda kile. Aliiacha njia hiyo akiwa ameimaliza.

Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyewatangulia, nitamtaja kwa haraka: meza zake tayari zilikuwa na kingo zisizokutana, na maonyesho makubwa ya kazi zake Paris mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, yaliwatikisa vijana hawa.

Ila kuna jambo siliruki. Mwaka huohuo Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro, hukohuko Paris, akakutana na vinyago vya Afrika. Vitabu vingi hulimaliza hili kwa sentensi moja, kwamba sanaa ya Kiafrika "ilichangia". Ilichangia nini? Chukueni kinyago cha Wagrebo wa Afrika Magharibi, cha namna aliyokuwa nayo Picasso mwenyewe. Macho yake ni mabomba mawili yaliyotokeza mbele. Jicho la mtu limezama ndani ya fuvu. Mchongaji kalitoa nje, na bado unaliona jicho! Haya, tazameni gitaa la kadibodi alilolitengeneza Picasso mwaka 1912: tundu la katikati, ambalo kwa kawaida ni shimo, limekuwa bomba linalokujia. Kahnweiler, mfanyabiashara aliyeuza kazi zake, alisema wazi kwamba somo hilo lilitoka kwenye kinyago. Huo si mchango wa mapambo. Mchongaji alitatua swali gumu la umbo kabla ya Paris, na anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliofikiri.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza jinsi Braque alivyobandika kwenye mchoro, mwaka 1912, karatasi ya ukutani iliyochapwa ionekane mbao, na jinsi mchoraji mwenzao Juan Gris alivyoendeleza mbinu hiyo. Hayo yabaki. Mwaka 1914 Braque aliitwa vitani, mwaka uliofuata akajeruhiwa kichwani, na ule ushirika wake na Picasso haukurudi tena. Karibuni kwa maswali, tuanze na aliyenuna nilipomtaja yule wa "hata mwanangu".