Laina ya tairi kwenye baiskeli ya umeme: kuna pancha tunajitoboa wenyewe

Jamani tuanze, waliosimama nyuma sogeeni mbele viti vipo, na wewe uliyeiacha baiskeli mlangoni iingize tu ndani, leo itatufaa.

Nimeombwa niongelee laina za tairi. Laina yenyewe ni hii hapa, mkanda wa plastiki nyororo lakini ngumu, unaulaza ndani ya tairi, kati ya tairi na tyubu, ili mwiba ukishapenya tairi ukutane na huu kabla haujaigusa tyubu. Basi, ndo hivyo tu. Ningeweza kushuka hapa nikaenda zangu nyumbani. Shida ni kwamba nikifungua tairi lenye laina lililokuja na pancha, mara nyingi mno aliyetoboa si mwiba wala msumari, ni laina yenyewe. Mtu kanunua kinga, kaifunga haraka haraka, kinga ikageuka kisu. Hilo ndo lililonileta hapa, mengine nitayagusa tu nikipita.

Kwanza kwanini baiskeli ya umeme. Baiskeli ya kawaida ikipata pancha ni usumbufu, sio msiba, unaigeuza miguu juu, unafungua gurudumu, dakika ishirini umemaliza. Ya umeme ina kilo 20 na kitu, nyingine zinapita 30 ukihesabu betri, na kama mota iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, basi gurudumu lenyewe halitoki hivi hivi, kuna waya unaingia kwenye ekseli, ule mhimili wa gurudumu, kuna nati kubwa za spana 18, kuna washa, vile visahani vya chuma vya kwenye nati, zenye jino zinazozuia ekseli isizunguke, na wakati mwingine kuna kipande cha chuma kimefungwa kwenye fremu kwa kazi hiyohiyo. Ukisahau washa ipi ilikaa upande gani umejitafutia matatizo. Mimi nilijifunza kwa miguu, usiku, mvua inanyesha, pancha ya nyuma, nina tyubu mpya kwenye begi, nina pampu, nina kila kitu isipokuwa hiyo spana 18. Spana nyingine zote ninazo! Nikasukuma kilomita sita. Gurudumu lenye mota likiwa halina upepo ni kama unamburuta ng'ombe asiyetaka kwenda, na siwezi kuendesha juu ya rimu kwa sababu uzito wote ule ungekunja rimu na kuua tairi kabisa.

Na bahati mbaya gurudumu hilohilo gumu kulitoa ndilo linalopata pancha zaidi. Uzito uko nyuma, mwendeshaji yuko nyuma, mota inasukuma kutokea nyuma, tairi linalika haraka, na tairi lililolika ni jembamba, mwiba haupati kazi. Mvua ikinyesha ndo kabisa, mpira ukiwa na maji vioo vinaukata kirahisi, mafundi wanaokata mpira kwa kisu wanajua, wanalowesha kisu kwanza.

Sasa tuelewane laina inazuia nini. Inazuia kitu kinachoingia kutoka chini, kwenye kanyagio la tairi, ile sehemu inayogusa barabara. Mbigili kwa mfano, ile mbegu yenye miiba ambayo hata uitupe vipi lazima mwiba mmoja uangalie juu, hiyo laina inaimudu vizuri. Vipande vya vioo pia, na zile nyaya nyembamba zinazomwagika barabarani tairi za magari zikipasuka, nywele za chuma, hazionekani kwa macho. Lakini msumari mrefu ukisimama wima, na kilo zote zile juu yake, sikuahidi kitu.

Isichozuia ni hiki. Ukiendesha upepo ukiwa mdogo ukagonga ukingo wa shimo, tairi linabonyea mpaka rimu inaibana tyubu, unapata matundu mawili yamekaa sambamba kama nyoka kakung'ata. Laina haina habari na hiyo, dawa yake ni pampu. Kutobolewa ubavuni pia haihusiki, kwa sababu mkanda haufiki ubavuni. Na kuna moja ya mota za habu ambayo watu hawaijui, upepo ukiwa mdogo mota ikivuta kwa nguvu tairi linatambaa kidogo kidogo juu ya rimu, tyubu inalifuata tairi, valvu imebaki imeshikwa kwenye tundu lake, mwisho inachanika shinani. Ukiona valvu yako imeanza kuinama, haijasimama wima kama ulivyoifunga, usiendelee. Toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake, jaza tena kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kipimo wanaandika pale sio pambo.

Haya, ipitisheni hii tyubu mkono kwa mkono. Muione vizuri. Hapa kuna mstari wa kijivu umekatiza tyubu, unang'aa kidogo, ukipitisha kucha unahisi kama kajimfereji, na katikati ya mfereji kuna mpasuko mdogo wa milimita mbili hivi. Hakuna mwiba hapo. Hapo ndo ncha ya laina ilipokuwa imelala. Tairi likizunguka linabonyea chini na kurudi, linabonyea na kurudi, kila mzunguko ile ncha inasugua palepale. Mwenye tyubu hii aliniambia laina ni utapeli. Nikamuuliza ulizikata ncha ukazifanyaje, akasema nilizikata tu na mkasi nikafunga.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo. Kwanza laina iwe na upana wa tairi lako. Nyembamba mno inakimbilia upande mmoja, unakuta katikati hapana kinga, na pana mno inajikunja kingo zikapanda ubavuni, kingo zinaanza kusugua nazo. Tairi nene zile za inchi nne ndo watu wanakosea sana, wanachukua laina ya baiskeli ya kawaida wanaitupia humo, inaogelea. Ikitoka kwenye pakiti imejiviringa kama konokono, usihangaike nayo hivyo, ilaze juani au ipashe maji ya moto inyooke.

Ncha zote mbili zikate ziwe duara kama ulimi, usiache kona. Kisha chukua msasa laini upunguze unene wa ncha, taratibu, mpaka ukipitisha kidole husikii ngazi. Mimi hapo natumia dakika kumi nzima, watu wananicheka. Kwenye tairi ncha moja itapanda juu ya mwenzake, ile ya juu ndiyo inayogusa tyubu na ndiyo adui, kwa hiyo naikatia kipande cha tyubu kuukuu naifunika nakibandika kwa gundi ya viraka. Na mahali zinapopandana pakae mbali na valvu, pale tayari pana unene wake.

Kabla hujaweka chochote safisha ndani ya tairi. Na hapa kijana wa mlangoni naomba baiskeli yako, umesema uliweka tyubu mpya juzi leo asubuhi iko chini tena, sio? Gurudumu tulishalitoa kabla hatujaanza, asanteni mlionisaidia. Angalieni, sipitishi kidole, kidole kitachanika, napitisha kitambaa chepesi cha pamba ndani ya tairi pole pole, mzunguko mzima... hapo. Kimenasa. Njoo ushike hapo hapo usisogeze, nipe koleo. Mnaona? Kawaya, hakafiki hata nusu sentimita. Ulibadilisha tyubu ukamwacha mwizi ndani ya nyumba. Na ungeweka laina juu ya hiki kitu kingekaa hapo kinaikwangua laina kila siku mpaka kipite, halafu ungesema laina mbovu.

Kwa hiyo mkitoa tyubu msiitupe pembeni, ilazeni juu ya tairi vilevile ilivyokuwa imekaa, valvu kwa valvu, tundu la tyubu litakuonyesha utafute wapi kwenye tairi.

Ukishasafisha, paka poda tyubu na paka ndani ya tairi, poda ya kawaida tu hii ya watoto, inapunguza msuguano na tyubu haigandi kwenye laina. Ingiza upande mmoja wa tairi kwenye rimu, weka laina katikati, tyubu ijaze upepo kiasi cha kupata umbo tu, iingize, ule upepo mdogo unaishikilia laina isihame. Funga upande wa pili kwa mikono kadiri utakavyoweza, vyuma vya kubandulia vinabana tyubu. Jaza nusu, zungusha gurudumu uangalie kama kuna mahali limevimba, toa upepo wote, jaza tena mpaka kipimo. Hiyo ya kutoa na kujaza tena watu wanaruka, msiruke, ndo inayoilaza laina vizuri. Halafu baada ya mwezi fungua uangalie tyubu. Ukiona mstari wa kijivu umeanza, rudi kwenye msasa.

Baiskeli itakuwa nzito? Kidogo. Tairi linapoteza ule ulaini wake na mota inakula betri kidogo zaidi. Kwa anayekanyaga mwenyewe hilo linasikika kwenye mapaja, kwenye ya umeme wengi hawalioni, na ndo maana kitu ambacho waendesha mbio wanakidharau kwetu sisi kinafaa.

Maswali. Ndiyo, mzee.

Dawa ya maji ya kuziba pancha, ile ya kumimina kupitia valvu. Nzuri, inaziba matundu madogo, na unaweza kuitumia pamoja na laina, mimi nyuma nimeweka zote mbili. Ila inakauka, baada ya miezi kadhaa inabaki utando tu, unaongeza nyingine. Na siku utakapotaka kubandika kiraka utalaani, kila kitu kimelowa, gundi haishiki.

Kukata tairi kuukuu kuliweka ndani badala ya laina? Nimeshafanya. Inazuia miiba kuliko hata laina, lakini ni nzito na kingo zake kali, lazima uzikwangue ziwe nyembamba kama nilivyosema, na ukikuta nyaya za pembeni zitoe zote. Kuna watu pia wanauza mikanda ya sponji nene inayoizunguka tyubu mpaka ubavuni, ile inasaidia hata kubanwa na rimu, ila inakula nafasi, unahitaji tyubu ndogo zaidi, na kufunga ni mieleka.

Dada pale anauliza kwanini tusiweke tairi zisizo na upepo kabisa. Baiskeli zilikuwa na tairi za mpira mtupu kabla John Boyd Dunlop hajaja na tairi lake la upepo mwaka 1888, hazikupata pancha hata siku moja, na watu walizikimbia mbio. Siku hizi zipo bora zaidi kuliko zile, lakini mtikisiko wote unaingia kwenye spoki, kwenye habu yenye mota, na kwenye mgongo wako.

Ukipata pancha njiani na laina imo? Usitoe gurudumu kwanza. Jaza upepo, sikiliza inapotokea, bandua tairi upande mmoja tu hapo penye tundu, vuta kipande cha tyubu nje, bandika kiraka, rudisha na laina yake katikati. Waya wa mota hujaugusa. Na kama tyubu imekufa kabisa kuna tyubu ambazo hazijaungwa duara, zina ncha mbili, unaipitisha bila kufungua ekseli, nzuri kubeba moja kwenye begi.

Ukiwa na laina moja tu weka nyuma, swali zuri hilo. Mbele gurudumu linatoka kwa dakika moja, haliniogopeshi.

Haya, tumrudishie kijana gurudumu lake. Nani ana spana 18?