Kusoma Nishani za Maofisa wa Manowari za Kijerumani

Waheshimiwa wahadhiri, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa nishani walizotunukiwa maofisa wa jeshi la majini la Ujerumani. Nitajikita katika kipindi cha kuanzia miaka ya 1880 hadi mwaka 1918, kwa sababu ndicho kipindi ambacho manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi, na baadhi ya nishani zilizovaliwa kwa fahari Kiel na Berlin zilitolewa kwa mambo yaliyotendeka mbele ya macho ya mababu zetu. Hoja yangu ni moja. Nishani ni dai. Aliyeitoa alidai kwamba mtu fulani, siku fulani, alitenda jambo lililostahili heshima, na kazi ya mtafiti ni kulipima dai hilo, kwanza kwa karatasi, kisha kwa mahali lilipotendeka. Watu wengi huishia kwenye chuma chenyewe, na wachache hufika kwenye karatasi. Hatua ya tatu, ile ya mahali, ndiyo ambayo sisi wa pwani hii tunaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi. Dola ya Ujerumani ya wakati ule ilikuwa muungano wa falme, himaya ndogo na miji huru. Jeshi la majini lilikuwa la Dola nzima, likichukua vijana kutoka kila upande, lakini nishani hazikuwa za Dola: zilitolewa na watawala wa sehemu mbalimbali, kila mmoja kwa jina lake. Msalaba wa Chuma, unaojulikana kuliko zote, ulikuwa wa Prussia, mmoja wa falme hizo. Ulianzishwa mwaka 1813 na Mfalme Friedrich Wilhelm III, na Wilhelm II, mfalme wa Prussia na Kaisari wa Dola nzima, akaufufua tarehe 5 Agosti 1914. Pour le Mérite, ambayo jina lake ni la Kifaransa, nayo ni ya Prussia, iliyoanzishwa na Friedrich Mkuu mwaka 1740. Lakini ofisa aliyezaliwa Hamburg angeweza kupata pia Msalaba wa Kihansa wa mji wake, na miji ya Bremen na Lübeck ilikuwa na misalaba yake. Oldenburg, ambayo ardhi yake iliizunguka bandari ya kivita ya Wilhelmshaven, ilikuwa na Msalaba wa Friedrich August, nao unaonekana mara nyingi kwenye vifua vya watu wa manowari. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta jalada moja lenye nishani zote za ofisa mmoja anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Atapaswa kujua kwanza mtu huyo alizaliwa wapi, alihudumu wapi na chini ya nani.

Kuhusu chuma chenyewe nitasema machache, maana vitabu vya wakusanyaji vimejaa maelezo hayo. Msalaba wa Chuma wa 1914 una kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikazungushiwa fremu ya fedha. Mbele una taji, herufi W na mwaka 1914, na ule wa daraja la pili una nyuma yake majani ya mwaloni na mwaka 1813. Daraja la pili huning'inia kwenye utepe, daraja la kwanza hubandikwa kifuani bila utepe. Utepe mweusi wenye kingo nyeupe ni wa waliopigana, na utepe mweupe wenye kingo nyeusi ni wa wasiopigana. Utepe, hata hivyo, hubadilishwa kwa dakika tano na mtu mwenye sindano na uzi, ndiyo maana hautoshi kuwa ushahidi.

Kinachosema zaidi ni mpangilio wa nishani zilizoshonwa pamoja kwenye mshipi mmoja. Chukueni mshipi wenye nishani nne: Msalaba wa Chuma wa 1914 daraja la pili; Medali ya Makoloni iliyoanzishwa mwaka 1912, yenye kibao kidogo cha shaba kinachotaja Afrika Mashariki na miaka 1905 hadi 1907; medali ya ukumbusho wa Wilhelm I yenye utepe wa manjano; na mwisho, nyota ya nchi ya kigeni. Medali ya utepe wa manjano walipewa wanajeshi waliokuwa kazini tarehe 22 Machi 1897, kwa hiyo mtu wetu alikwisha kuingia jeshini kufikia siku hiyo. Kibao cha shaba kinamweka kwenye pwani yetu, au bara yake, wakati wa Vita vya Maji Maji. Kama mshipi huo ungekuwa pia na Msalaba wa Heshima wa Vita Kuu, ule ulioanzishwa Julai 1934 chini ya Rais Hindenburg, tungejua kwamba ulishonwa baada ya hapo, hata kama nishani nyingine ni za zamani zaidi. Kutokana na vitambaa na metali tumekwisha kupata mwanzo wa wasifu, na majina yanayoweza kuwa yake yamepungua kutoka maelfu hadi kundi dogo.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia. Kila mwaka jeshi la majini lilichapisha orodha ya vyeo vya maofisa wake, na mbele ya kila jina ziliwekwa alama za mkato za nishani alizoruhusiwa kuvaa, za nyumbani na za kigeni. Ukizipanga orodha hizo mwaka baada ya mwaka, utaona nishani inatokea kwenye jina la mtu kati ya toleo moja na linalofuata, na hapo umepata kipindi cha kutafuta sababu yake. Nishani za maofisa zilipita katika Baraza la Majini la Kaisari, ofisi ambayo kuanzia 1906 hadi 1918 iliongozwa na Admirali Georg Alexander von Müller, na nyaraka zake leo zimo katika Hifadhi ya Kijeshi ya Ujerumani mjini Freiburg, katika kundi lenye alama RM 2.

Historia ya nyaraka hizo yenyewe inafaa kuelezwa. Nyaraka za jeshi la nchi kavu la Prussia ziliungua kwa sehemu kubwa sana pale Potsdam iliposhambuliwa kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Nyaraka za jeshi la majini zilikuwa zimehamishiwa kasri la Tambach, karibu na Coburg, zikatekwa zikiwa salama mwishoni mwa vita, zikapelekwa London, zikapigwa picha kwenye filamu ndogo, kisha zikarudishwa Ujerumani. Nakala za filamu hizo zimo pia katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Ndiyo sababu mtafiti wa ofisa wa manowari anaweza kusoma shajara ya vita ya meli, siku kwa siku, ilhali mwenzake anayetafuta habari za luteni wa jeshi la nchi kavu la Prussia mara nyingi hukuta majivu.

Sasa nije Rufiji, maana huko ndiko dai la nishani linapoweza kupimwa kwa ukamilifu. Manowari Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa humo kwa miezi mingi, hadi tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa na meli za mizinga Severn na Mersey na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikatumika nchi kavu kwa muda uliobaki wa vita. Mmoja wao unaonekana mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Nishani za watu hawa zilifikaje? Machi 1916 meli ya mizigo Marie ilipenya mzingiro wa Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba pamoja na silaha na risasi, meli hiyo ilileta Msalaba wa Chuma daraja la kwanza kwa ajili ya nahodha wa Königsberg, na misalaba ya daraja la pili ya kuwatosha nusu ya mabaharia wake. Kwa askari Waafrika zilikuja medali za aina nyingine.

Tulitazame neno hilo, nusu ya mabaharia, kwa makini. Huko Berlin, umbali wa bahari nzima, hakuna aliyejua ni baharia gani alisimama kwenye mzinga mpaka mwisho na ni yupi aliyekuwa hospitalini na homa. Kilichotolewa ni idadi, na majina yakajazwa huku. Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa Emden: baada ya mafanikio yake katika Bahari ya Hindi, Kaisari alimtunuku nahodha Karl von Müller Msalaba wa Chuma, maofisa wote daraja la pili, na watu 50 wa meli hiyo wachaguliwe. Kwa hiyo unapokutana na hati ya baharia wa Königsberg, usiandike kwamba alitunukiwa kwa ushujaa wa siku fulani mpaka umeona karatasi inayosema hivyo. Na usishangae ukikuta tarehe tatu zinazopishana: siku ya tendo, siku ya amri ya Kaisari, na siku ambayo nishani yenyewe ilimfikia mtu mkononi, ambayo kwa watu wa Rufiji haikuweza kuwa kabla ya Machi 1916, kama nishani hiyo ilikuja na Marie.

Kuna mtego mwingine unaohusu pwani hii, na nimeuona ukiwanasa hata watu makini. Jina Möwe lilikuwa la meli mbili tofauti katika vita hivyo hivyo. Moja ilikuwa meli ya upimaji wa bahari, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe Dar es Salaam mwezi Agosti 1914; watu wake, chini ya Kapteni Gustav Zimmer, walipanda reli hadi Kigoma na kupigana katika Ziwa Tanganyika, ambako baadaye ilielea Götzen, ambayo wasafiri wa ziwa hilo wameijua kwa miaka mingi kama Liemba. Möwe ya pili iliingia kazini mwishoni mwa 1915 kuwinda meli za biashara katika Atlantiki, na nahodha wake, Nikolaus zu Dohna-Schlodien, alipewa Pour le Mérite Machi 1916. Hati yenye muhuri wa Möwe inauzwa ghali zaidi mnadani ikidaiwa kuwa ya meli ya pili, yenye umaarufu. Tazama tarehe na saini ya kamanda kabla ya kutazama jina la meli.

Naomba nikae kidogo kwenye ile nyota ya kigeni ya mwisho wa mshipi. Sultani Barghash bin Said alianzisha Nishani ya Nyota Inayong'aa ya Zanzibar mwaka 1875, na orodha za vyeo za Wajerumani zinaonyesha maofisa wa manowari walioipokea. Nishani hiyo hubeba jina la Sultani kwa tughra, yaani jina lililoandikwa kwa mapambo ya hati ya Kiarabu, na mwanafunzi wa Unguja au Lamu aliyezoea hati hizo anaweza kuisoma na kuibandika kwenye kipindi chake: ya Barghash ni hadi Machi 1888, ya Hamoud bin Mohammed ni kati ya 1896 na 1902. Lakini kusoma jina hakutoshi. Agosti 1885 kikosi cha manowari cha Komodoro Paschen kilitia nanga mbele ya kasri la Barghash kumshurutisha aikubali mikataba ya Carl Peters huko bara. Mwaka 1888 na 1889 manowari za Admirali Deinhard zilizingira pwani wakati wa vita vya Abushiri. Oktoba 1896 manowari Seeadler ilimchukua Sayyid Khalid bin Barghash kutoka ubalozi mdogo wa Ujerumani Unguja na kumpeleka Dar es Salaam. Nishani iliyotolewa na kasri katika miaka kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa maneno mawili, urafiki na hisani, kama yanavyofanya maelezo ya minada.

Na hapo nawakumbuka waliotendewa. Mwaka 1905 manowari Bussard, na baadaye Thetis na Seeadler, zilishusha vikosi vya mabaharia kupigana na wapiganaji wa Maji Maji. Miongoni mwa maofisa wa Bussard alikuwamo Hans Paasche, kijana aliyeongoza kikosi Rufiji na kutunukiwa kwa vita hivyo. Baadaye aliichukia vita kabisa, akaandika na kusema hadharani dhidi yake, na Mei 1920 wanajeshi walimuua kwenye shamba lake. Orodha ya vyeo haina alama ya mkato kwa ajili ya majuto. Wala kibao cha shaba cha 1905 hadi 1907 hakisemi kwamba wanahistoria wetu wamekadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mtafiti anayeandika wasifu wa nishani hiyo na kuacha jambo hilo ameandika nusu ya hati.

Kwa vijana wanaotaka kuanza, kazi iko karibu. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Yasomeni sambamba na shajara za meli za Freiburg: siku manowari ilipoandika kwamba imeshusha watu pwani, mtazame ofisi ya wilaya ya Kilwa au Lindi iliandika nini wiki hiyo. Nendeni pia kwenye vijiji vilivyotajwa, wazee waulizwe walisimuliwa nini, na yaandikwe kwa jina la msimuliaji, kama akiridhia.

Na aliye na nishani ya aina hii nyumbani, iwe ilitoka kwa babu aliyekuwa askari au iliokotwa shambani, asiisugue wala asibadilishe utepe wake. Aipige picha pande zote mbili, aipime kipenyo, aandike nani alimpa na alimwambia nini, kisha picha na maandishi hayo yahifadhiwe mahali tofauti na nishani yenyewe. Nakaribisha maswali.