Makorongo Yetu Ndio Mito Yetu

Mbukwenyi wote, wazee shikamooni. Wa nyuma mnanisikia? Haya, nimeambiwa niongelee kurudisha uhai wa mito ya mjini na najua kuna watu hapa wanajiuliza mito gani sasa, Dodoma hii? Ni hilo hilo korongo nyuma ya nyumba yako, kiangazi chote mchanga mtupu, madogo wanapiga mpira humo, halafu Januari inashuka mvua ya masaa mawili linaondoka na ukuta wa mtu.

Mvua yetu kwa mwaka ni milimita 550 mpaka 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha za Seoul kule Korea Kusini, walivyobomoa barabara ya juu wakaufukua mto Cheonggyecheon na kuufungua 2005, namwambia kazi nzuri sana ile, ila maji mengi unayoyaona pale yanavutwa kwa pampu kutoka mto Han. Sisi tutayavuta wapi? Maji yenyewe ya mgao, halafu tuyamwage korongoni ili watu wapige selfi!

Chanzo chetu cha maji kiko Makutupora, nje kidogo ya mji. Visima vya pale ndio vimeubeba huu mji miaka yote, na kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, rekodi ndefu ambayo Afrika ni sehemu chache sana wanayo. Sasa wataalamu walipoichambua wakakuta maji ya chini hayaongezeki kila mwaka mvua ikinyesha, hapana, yanaweza kushuka weee miaka kadhaa halafu unakuja msimu mmoja wa mvua za kufa mtu yanapanda kwa mkupuo. El Niño ya 1997/98, ile tunayoikumbuka kwa madaraja kusombwa, ndiyo iliyojaza kuliko zote kwenye rekodi hiyo. Na sehemu kubwa ya maji yanazamia kwenye mchanga wa vijito vya msimu, mafuriko yakitandaa na kutulia. Yaani ule mchanga ndio mlango wa ghala.

Sisi tunaufanyaje? Tunauchota, matipa usiku na mchana, maana tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku kila mtu anajenga (na mimi nimejenga, sijamwagiwa mchanga kutoka mbinguni). Au tunalinyoosha korongo tunalipiga zege maji yakimbie haraka, yanakimbia kweli, yanaenda kumfurikisha wa bonde la chini na kubeba tope mpaka bwawa la Hombolo ambalo linazidi kujaa udongo.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Ni kweli, sisemi kila korongo liachwe lizamishe maji. Katikati ya mji kwenye vyoo vya shimo, gereji na taka, ukiyazamisha yale maji unapeleka uchafu chini moja kwa moja, huko zege ina kazi yake mpaka mfumo wa majitaka ufike. Ninachogombania mimi ni pembezoni, kule Nala, Ihumwa, Iyumbu, ambako viwanja bado vinapimwa. Korongo lipewe upana wake, kingo zirudishiwe majani na miti ya huku huku, huku juu vijengwe vizuizi vidogo vya mawe maji yapunguze kasi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini dalali anakuuzia kiwanja korongoni mwezi wa nane pamekauka kabisa na anakuambia hapa maji hayajawahi kufika.

Wenyeviti wa mitaa mpo, naomba kabla hamjagonga muhuri wa mauziano mkatembee kiwanjani, mwangalie alama za maji kwenye mashina ya miti, na muulize wazee wa pale. Haya, mama mwenye kitenge cha bluu uliinua mkono muda mrefu, karibu uulize.