Gari inachemsha wapi?

(Mhadhara kwa wenye magari ya zamani na mafundi vijana, Dar es Salaam)

Mwenyekiti asante. Wazee wangu shikamooni, kina mama habari za asubuhi, na nyie vijana wa gereji mliokaa nyuma kabisa na ovaroli zenu njooni huku mbele viti vipo, maana leo nimewafuata nyie zaidi kuliko hawa wenye magari.

Nimeombwa niongelee utunzaji wa magari ya zamani yote, Land Rover 109, Vokswageni, Pijo na mengine. Mi nitaongelea zaidi Pijo 504 kwa sababu ndo nimeishika miaka mingi, na ugonjwa wenyewe wa kuchemsha ni huo huo kwenye gari zote. Historia siirudii mnaijua, Pijo 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile ya 66 na 67 dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar. 504 ikashinda 1975, ikarudi kushinda 1978. Naitaja kwa sababu najua kuna mtu hapa anataka kuniambia gari ya Mfaransa haiwezi joto na vumbi letu. Imeshinda Safari mzee wangu, tena mara ngapi, hiyo hoja tuiache.

Sasa nisikilizeni. Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu anakaa Kibaha, ana 504 stesheni wageni ile ya viti safu tatu, kaitunza vizuri, bodi haina kutu. Gari ikaanza kuchemsha. Akaipeleka gereji moja hapa mjini, gereji kubwa tu, ina geti na mlinzi. Akasema gari inachemsha. Fundi akafungua boneti, hajauliza neno, akatoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa kwenye pipa. "Mzee hii ni ya nchi za baridi, sisi hatuitumii." Akalipa akaondoka.

Kutoka pale mpaka nyumbani usiku barabara iko wazi, gari imepoa kabisa, mshale hata haupandi. Kafurahi. Asubuhi anakuja mjini, Kibaha mpaka Mbezi safi, kufika Kimara foleni haisogei, mshale huo unapanda, kabla ya Ubungo inatoa mvuke. Akarudi gereji. Wakasema rejeta imeziba. Wakaitoa wakaizibua, hela nyingine. Ikachemsha tena, pale pale kwenye foleni. Akarudi. Safari hii mmoja akaona feni haizunguki inavyotakiwa, akachukua bolti akaikaza feni na puli yake moja kwa moja ili izunguke muda wote. Hapo kweli haikuchemsha tena, ila ilikuwa imeshachemsha mara nyingi, na hedi ya 504, kile kifuniko cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, ukiichemsha hivyo inapinda. Gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku ikaungua, maji yakaanza kupungua bila kuonekana yanapokwenda.

Wakavua hedi. Wakaipeleka ikasawazishwe uso, sawa, hapo walifanya kazi. Ila huku nyuma kijana aliyeachwa na injini akawa anasafisha vichwa vya pistoni, na ili pistoni zilizo chini zipande akaizungusha krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni, kwa mkono. Vijana wa Pijo hapo mnajua nataka kusema nini. Laina za 504, zile silinda ambazo pistoni zinapita ndani yake, ni za maji, zimekaa zinaelea kwenye bloku, maji yanazigusa kwa nje, chini zina sili zake, na kinachozishikilia zisiinuke ni hedi yenyewe. Ukivua hedi unazibana kwanza kwa vipande vya chuma na bolti, alafu krenki huigusi. Hawakuzibana, zikainuka kidogo sana, kiasi ambacho macho hayaoni. Wakafunga injini, wakawasha, baada ya siku chache maji yameingia kwenye oili, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Injini chini, yote, upya.

Na tatizo la kwanza kabisa lilikuwa nini? Kaboni ya feni. Feni ya Pijo tangu enzi za 404 haizunguki muda wote, inaelea kwenye beringi yake, injini ikipata joto swichi inapeleka umeme, umeme unapita kwenye kaboni moja ndogo, sumaku inaikamata feni inazunguka na puli. Ikipoa inaiachia, unaokoa nguvu na mafuta. Kaboni ikiisha feni haikamati. Ni jamii ile ile ya kaboni zinazokaa kwenye altaneta, fundi umeme yeyote anaweza kukusugulia moja ikafika saizi. Mzee wa watu kashusha injini kwa sababu ya hiyo.

Sasa nawauliza vijana, swali gani lingeokoa ile injini? Gari inachemsha wapi. Hilo tu! Ikichemsha kwenye foleni na barabarani inapoa, hapo anza na feni, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo unapita kwenye rejeta wenyewe. Ikichemsha ukiwa spidi au unapanda mlima na kwenye foleni haina shida, hapo sasa nenda kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au taiming, yani muda wa plagi kuwaka. Yule mzee angejibu kwa sekunde tano, anaijua gari yake kuliko mke wake anavyoijua jiko. Hakuna aliyemuuliza. Na kupima kwenyewe hakuna gharama, injini inawaka, unachukua waya unapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye kaboni, feni ikikamata basi kibovu ni swichi ya joto au waya wake, isipokamata angalia kaboni, alafu angalia nafasi kati ya sumaku na puli kama haijaachana sana. Umemaliza.

Najua mtaniambia sasa themostati si kweli ni ya baridi? Hapana. Nimelisema hili kila ninapopewa maiki na nitalisema tena. Injini inataka kufanya kazi kwenye digrii themanini na kitu. Dar hapa ni thelathini, thelathini na mbili. Kwa injini, Dar na Paris zote ni baridi! Ukitoa themostati injini inachelewa kupata moto, ukienda Chalinze usiku inaweza isifike kabisa kwenye joto lake, petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua, inaosha oili kwenye kuta za silinda, unyevu unabaki ndani ya oili unageuka tope, laina zinaliwa mapema. Alafu unasema gari za zamani zinakunywa mafuta. Hazinywi, umeziachia baridi. Na kama themostati imekufa kweli, nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo.

Mwingine atasema spea za Pijo hamna, ndo maana mafundi wanatoa. Siyo kweli hivyo. 504 imeunganishwa Mombasa miaka mingi, imeunganishwa Kaduna Nigeria, Argentina wameitengeneza mpaka 1999, kwahiyo spea zipo duniani, zinahitaji kutafutwa na kusubiri, mtaa wa Gerezani hapa Dar kuna wazee ukiwapa sampuli mkononi wanakutajia mpaka mwaka wake. Ila sampuli utaipata wapi kama fundi kaitupa kwenye pipa? Ndo maana nasema, na wenye magari mnisikie, kifaa chochote kinachotolewa kwenye gari yako ni mali yako, kirudi kwako, hata kama kimekufa, hata kama kimevunjika vipande viwili. Gereji inayokataa kukupa kifaa cha zamani usiipelekee gari tena.

Na nyie wenye magari msijifiche nyuma ya mafundi. "Fundi fanya iende tu, kesho nina safari." Nani kati yenu hajawahi kusema hivyo? Ukisema hivyo umemruhusu afunge feni kwa bolti. Sisemi mafundi wetu hawajui. Kuna vijana hapa wanachonga bushi kwenye mashine mpaka inaingia bila kulegea, mkono wanao. Wanaowaharibu ni wenye gereji wanaolipa kwa kazi iliyotoka siku hiyo, kijana akikaa nusu saa anamuuliza mteja maswali anaonekana mvivu, alafu bosi akitoka kazi anaachiwa deiwaka aliyefika juzi. Hilo naomba wenye gereji mlichukue. Mwandikie mteja karatasi, gari inafanya nini, inafanya wapi, lini, ikiwa ya baridi au ya moto. Na kabla hujafungua kitu ambacho hukukubaliana naye, mpigie simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nakimbia. Vokswageni, zile bati zinazozunguka injini siyo urembo, injini inapozwa na hewa na zile bati ndo zinaongoza hewa ipite kwenye silinda na kuzuia ya moto isirudi kwenye feni, usizitoe eti injini ipumue, utaiua. Land Rover za zamani, za kabla ya 1967, chanya ya betri ndo inaenda kwenye bodi, usifunge betri mpya kwa mazoea ya Toyota, angalia kwanza. Maji ya kisima kwenye rejeta hapana, hedi ya aluminiamu na bloku ya chuma zikikaa kwenye maji matupu inaliwa hedi, weka kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia maji yasigande, hata kama hatuna barafu, kazi yake nyingine ni kuzuia kutu. Breki nilitaka nizisemee kwa kirefu, naziruka. Risiti ya EFD dai, siyo kwa ajili ya TRA peke yake, ndo ushahidi wako kazi ikiharibika na ukitaka kwenda Tume ya Ushindani kama mlaji.

Nani kasema kanunue IST? Nimekusikia kaka. IST nayo leo mchana ukiipeleka inachemsha, fundi asiyeuliza atatoa themostati hiyo hiyo. Hujakimbia kitu.

Haya, maswali. Ila siyajibu peke yangu. Baba pale mwenye 109 umeniambia inazima njiani alafu ukisubiri inawaka, simama tafadhali baba, usiseme zaidi ya hapo. Vijana, muulizeni. Hakuna kushika spana mpaka mmeuliza, anza wewe wa ovaroli ya bluu.