Reale ya mzinga na nchi ilikotoka fedha

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Naanza na sarafu. Zamani Unguja na pwani yote zilipita reale za kila aina. Kulikuwa na reale ya Sham, na kulikuwa na reale ya mzinga. Hii ya pili ni ya Wahispania. Upande mmoja ina nguzo mbili, wazee wetu wakazitazama nguzo wakaona mizinga. (Kicheko.) Nyingi zilipigwa Meksiko, na fedha yake ikitoka migodi ya kaskazini. Huko ndiko twendako leo, tukaone mzinga ulifanya nini na nini haukuweza.

Mwaka 1546 Juan de Tolosa alifika Zacatecas akakuta mawe yenye fedha. Washirika wake wakawa Cristóbal de Oñate na Diego de Ibarra. Wote hao asili yao ni Wabasque, watu wa kaskazini ya Hispania, ambao lugha yao haina undugu na Kihispania. Ugenini walishikana kiukoo. Diego alimgharimia mwana wa ndugu yake, Francisco de Ibarra, naye mwaka 1562 akapewa ugavana wa nchi ambayo bado haijashikwa! Akaiita Nueva Vizcaya, yaani Vizcaya Mpya, kwa jina la jimbo la Wabasque. Mwaka uliofuata akaanzisha mji, akaupa jina la mji wa Vizcaya, Durango. Vizcaya ya kwao ni ya mvua na majani mabichi. Hii mpya sehemu kubwa ni mawe, vumbi na mipungate.

Wenyeji hawakuwa taifa moja. Wazacateco, Waguachichil, Waguamare, Wapame, wote walikumbwa na jina moja, Chichimeca, ambalo Wahispania walilikopa kwa watu wa bonde la Meksiko. Hernán Cortés, jemadari wa Kihispania, aliiangusha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521 kwa sababu palikuwa na mji wa kuangushwa na mfalme wa kutekwa. Mguachichil leo yuko hapa, kesho hayuko. Utampiga mzinga wapi?

Vita vilianza mwaka 1550 vikaendelea miaka 40 hivi. Misafara ya fedha ilivamiwa njiani. Ngome zikajengwa, askari wakaongezwa. Askari hao mshahara wao mdogo, basi wakajilipa kwa kukamata watu na kuwauza, na kila aliyeuzwa aliacha nyuma ndugu wenye kisasi. Vita vikawa vinajizaa.

Aliyeliona hilo ni makamu wa mfalme, Marqués de Villamanrique, aliyefika mwaka 1585. Akapunguza askari, akazuia biashara ya mateka, akaanza kuwapa wenyeji nyama, mahindi na nguo. Mpatanishi mkuu alikuwa Kapteni Miguel Caldera, chotara ambaye mama yake alikuwa wa hukohuko. Kisha mwaka 1591 zikaletwa familia 400 za Watlaxcala, wenyeji waliowahi kumsaidia Cortés, zikae miongoni mwa Wachichimeca. Watlaxcala hawakuwa wajinga. Kabla ya kufunga mizigo walidai kwa maandishi: wasitozwe kodi, wapande farasi, wachukue silaha, wakae mitaa yao peke yao. Wakapewa. Pale Saltillo mji wao ulikuwa ubavuni mwa mji wa Wahispania, na ulikuwa na baraza lake.

Mfalme wa wakati huo alikuwa Felipe wa Pili, yuleyule aliyekuwa pia mfalme wa Ureno pale Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593.

Wanahistoria huiita amani ya kununuliwa. Jina linafaa, ila malipo mengine yalikuja baadaye: ardhi ikaenda kwa wafugaji na wenye migodi, na maradhi yakamaliza watu. Wala somo halikushikwa. Juan, mtoto wa Cristóbal de Oñate, aliingia Nuevo México, kaskazini zaidi, mwaka 1598. Watu wa Acoma, mji wa wenyeji huko, wakamuua mpwa wake. Januari 1599 mizinga midogo ikapandishwa juu ya mlima wao wa mawe, na wanaume waliopita miaka 25 wakahukumiwa kukatwa wayo mmoja na kutumikishwa miaka 20.

Katika Nueva Vizcaya yenyewe Watepehuan, wenyeji wengine, waliinuka mwaka 1616, wakachoma misheni, wakaua mapadri wanane wa Kijesuiti. Walipigwa vibaya. Lakini lugha ya Waguachichil, walionunuliwa, imekufa, na karibu hakuna kilichoandikwa cha kuifahamu. Watepehuan wa kusini mwa Durango mpaka leo wanazungumza ya kwao, O'dam.