Udongo Upimwe Pale Mtoto Anapocheza

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu hamjambo. Habari ya Owino Uhuru, kule Mombasa nchini Kenya, mnaijua: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mtaa wa watu wapatao 3,000, madini ya risasi (lead) kwenye damu za watoto, kesi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, ilitoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru mtaa usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa ikaipangua fidia, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Katika mgao wa lawama NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilibebeshwa asilimia 40, kupita kiwanda chenyewe. Na msimamizi huyohuyo ndiye tunayemtegemea asimamie usafishaji! Ndiyo maana sichoki kulirudia hili: wakazi wawepo tangu sampuli ya kwanza.

Risasi iliyotoka kwenye bomba la moshi haizami. Hukaa juu, kwenye sentimita mbili tatu za mwanzo, palepale mtoto anapotambaa kisha akatia kidole mdomoni. Sasa tuseme sentimita 3 za juu zina miligramu 2,000 kwa kilo ya udongo, na chini yake kuna 50 tu. Mpimaji akichimba sentimita 30 na kuchanganya vyote ndoo moja, maabara itamwandikia 245. Marekani kwa miaka mingi ilitumia 400 kama kiwango cha tahadhari pale wanapocheza watoto, kabla ya kushusha hadi 200 Januari 2024. Kwa kipimo hicho cha zamani, uwanja wenye 2,000 umehesabiwa salama! Hakuna aliyeghushi chochote. Sepetu tu iliingia chini mno.

Kwa hiyo chukua udongo wa juu peke yake. Kila uwanja pointi tano au zaidi: mlangoni, njiani, jikoni, na chini ya upenu, pale maji ya bati yanapodondokea, maana mvua huosha vumbi la paa lote na kulimwaga mstari mmoja. Uchekeche upate ule mwembamba unaoganda kwenye vidole, chini ya robo milimita. Osha kijiko kabla ya kuhamia uwanja mwingine. Kisha gawa sampuli mifuko miwili, mmoja uende maabara, wa pili ufungwe kwa lakiri ubaki na kamati ya mtaa. Na penye nyumba za udongo, ukuta nao upimwe, kwa sababu ulikandikwa kwa udongo uleule.

Mtaniambia mwananchi si mtaalamu. Mtaalamu akija Januari atakuta kaskazi inavuma, na ramani yake itafuata upepo huo. Mama aliyeishi hapo anajua moshi ulielekea wapi wakati wa kusi, anajua maji ya kiwanda yalipita kwa nani masika, na mtaro upi ulifukiwa baadaye nyumba ikajengwa juu. Maabara haiwezi kuyajua hayo.

Naona muda unanibana, niende haraka. Wakati wa kuchimba, udongo umwagiwe maji usitimke. Lori lifunikwe turubai na magurudumu yaoshwe kabla halijatoka. Nje kwanza, ndani ya nyumba mwisho, kwa kitambaa chenye maji: fagio hurusha vumbi upya. Udongo wa kujazia upimwe kabla haujamwagwa. Idadi ya lori zilizotoka ilingane na zilizopokelewa kwenye jaa, maana lori lililopotea njiani huuzwa kama kifusi, na sumu inahamia msingi wa nyumba ya mtu mwingine. Damu za watoto zipimwe kabla na baada, lakini msitegemee ishuke mara moja. Risasi hujificha kwenye mifupa na kurudi damuni polepole.

Hakuna haja ya kungoja mkutano uitishwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya taarifa, basi andikeni. Ombeni ramani ya kila sampuli ilipochukuliwa, kina chake, na majibu ya maabara uwanja kwa uwanja. Mkiletewa wastani wa mtaa mzima, urudisheni.