Kalala Chali, Hajafa: Kuchagua Tarantula wa Kwanza

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matano ya kuangalia kabla hujachagua tarantula wako wa kwanza, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, wa kufuga. Yote nimeyaandika hapa.

BARAKA: Kabla ya hayo matano, dada Zuhura, waeleze ya Jumanne. Maana mimi nilishatoa rambirambi.

ZUHURA: Alitoa kweli! Rafiki yangu kasafiri, kaniachia buibui wake, jike la Tliltocatl albopilosus, wale wenye manyoya yaliyojisokota. Jumanne usiku naenda kumbadilishia maji, namkuta kalala chali, miguu juu. Nikampiga picha, nikamtumia Baraka.

BARAKA: Nikajibu, "Poleni na msiba. Mazishi lini?"

ZUHURA: Na hapo ndipo watu wanapotupa buibui aliye hai. Tarantula aliyelala chali anajivua gamba. Hata kitanda anajitandikia kwa utando kabla hajajigeuza.

BARAKA: Lakini mimi kiumbe nikikikuta chali, miguu juu, naita majirani.

ZUHURA: Usiite mtu. Tarantula anayekufa kwa kawaida hajigeuzi. Tumbo liko chini, na miguu imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Kuna viungo vya miguu yake havina misuli ya kunyoosha, anavinyoosha kwa msukumo wa damu. Maji yakipungua mwilini, msukumo nao unapungua, miguu inajikunja yenyewe. Hiyo ndiyo ya kukushtua. Msogezee maji mara moja.

BARAKA: Kwa hiyo msiba unautambua kwa miguu, si kwa mgongo.

ZUHURA: Hasa. Sasa, jambo la kwanza katika orodha yetu ni...

BARAKA: Subiri. Akiwa chali, wewe ulifanya nini?

ZUHURA: Sikumgusa, wala sikumpulizia maji. Nilihakikisha tu kwamba hakuna nyenje, wale wadudu wa chakula chake, ndani, kwa sababu wakati huo mwili wake ni laini na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna. Kisha nikakaa nikatazama. Gamba linapasuka juu ya kifua, halafu anaanza kuvuta miguu polepole, mmoja baada ya mwingine. Baraka, anavua hadi utando wa ndani wa mapafu! Hadi wa tumbo la kunyonyea! Meno yanatoka meupe kabisa.

BARAKA: Meupe? Si huwa meusi?

ZUHURA: Yanakuwa mekundu kwanza, ndipo yanakuwa meusi. Mpaka yawe meusi, humpi chakula, hata kama ni wiki mbili. Maji tu. Na kama alikuwa amepoteza mguu, anatoka na mwingine, mdogo kidogo, unaokua kila anapojivua.

BARAKA: Basi marehemu anafufuka na mguu mpya. Msiba wa namna hii sijawahi kuusikia.

ZUHURA: Ndiyo maana namtaka anayeanza ajue hili kabla hajalipa. Wiki kadhaa kabla ya kujivua anagoma kula, na wengi wanadhani anaumwa, wanamlazimisha. Mwache.

BARAKA: Na ndiyo maana mimi nasema anayeanza achukue kitoto. Kale kadogo kabisa, kama punje ya maharage. Anajivua mara nyingi akiwa mdogo, kwa hiyo utaliona tukio hili tena na tena. Utakomaa naye.

ZUHURA: Hapana, kaka. Hapo siko nawe.

BARAKA: Kwa nini?

ZUHURA: Kitoto kina maji kidogo mwilini. Ukisahau udongo ukakauka, kimekwenda. Ukiloanisha kupita kiasi, ukungu. Kinajifukia hata miezi, hukioni, mwishowe unafukua kwa wasiwasi na kukiumiza. Anayeanza achukue jike aliyekwisha kukua kiasi, mwenye upana wa kiganja. Huyo anavumilia.

BARAKA: Jike umejuaje?

ZUHURA: Kwa gamba alilovua. Linachunguzwa kwa hadubini.

BARAKA: Au kwa neno la muuzaji! Unalipia jike, unapewa dume aliyepevuka, na dume akishapevuka mara nyingi hafikishi miaka miwili. Halafu huyo mkubwa katoka wapi? Tarantula wote wa jenasi ya Brachypelma wako katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kwa sababu, pamoja na kuharibiwa kwa makazi yao, waliokotwa mno porini. Kitoto karibu kila mara kimezaliwa mikononi mwa wafugaji. Ninaanza na dhamiri safi.

ZUHURA: Wapo wakubwa waliozaliwa kwa wafugaji. Unauliza, unadai gamba, usipopewa unaondoka.

BARAKA: Anayeanza hajui kudai gamba.

ZUHURA: Na hajui kupima unyevu wa kopo dogo. Baraka, kiumbe kinachokufa kwa kujifunzia kwetu si kitabu cha mazoezi.

BARAKA: Na kiumbe aliyechotwa porini je? Mimi sibadiliki.

ZUHURA: Wala mimi.

BARAKA: Haya. Wasikilizaji, wawili tumegawanyika.

ZUHURA: Tuna dakika tatu, na hata la kwanza sijasoma.

BARAKA: Soma aina.

ZUHURA: Aina haraka: huyo albopilosus wa Amerika ya Kati, Brachypelma hamorii wa Meksiko, mwenye magoti mekundu, na Grammostola pulchra, mweusi wa Brazili na Uruguay. Watulivu, wa ardhini, wanaishi katika joto la kawaida la chumba. Jike anaweza kupita miaka 20, kwa hiyo fikiria hilo kwanza.

BARAKA: Na yule wa rangi ya chungwa anayependeza, Pterinochilus murinus?

ZUHURA: Huyo wa Afrika si wa kuanzia. Ana mbio, anauma upesi, na maumivu yake ni makali. Hao wa Amerika niliowataja wana silaha nyingine, vinywele vinavyowasha, wanavirusha kwa miguu ya nyuma. Jarida la tiba la Lancet lilieleza habari ya mwanamume mmoja wa Leeds, Uingereza, aliyekuwa anasugua doa kwenye kioo cha boksi, buibui wake wa Chile akamrushia wingu la vinywele, vikamnasa kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Uso wako mbali, daima!

BARAKA: Boksi?

ZUHURA: Fupi, udongo mwingi. Kutoka udongo hadi kifuniko kusizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake, maana akianguka tumbo linapasuka na...

BARAKA: Tunaonyeshwa mkono, muda umekwisha.

ZUHURA: Bado chakula, bado kumshika...

BARAKA: Kumshika, jibu fupi.

ZUHURA: Usimshike.

BARAKA: Mengine wiki ijayo. Nami nitakuja na hoja ya vitoto.

ZUHURA: Njoo nayo, nitakusubiri.

BARAKA: Kwaherini.